Duka Limekufa, Tangazo Lake Bado Liko Ardhini

Mwaka 1863, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimepamba moto nchini Marekani, muuza bia mmoja wa New York aitwaye Gustavus Lindenmueller aliamua kujitengenezea chenji. Sarafu zilikuwa zimeadimika. Kwa hofu ya vita, wananchi walificha kwanza dhahabu, wakafuatia na fedha, mwishowe wakaficha hata senti ya kununulia gazeti. Lindenmueller akaagiza vipande vya shaba vyenye ukubwa wa senti ya wakati huo, jina lake likiwa limechongwa wazi, na vingine vikiwa na picha ya kikombe cha bia. Inasemekana alivitoa zaidi ya milioni moja.

Watu walivipokea bila kinyongo. Walilipia bia, wakalipia mkate, wakalipia nauli kwenye magari ya kuvutwa na farasi. Tatizo lilizuka pale kampuni ya usafiri ya Third Avenue Railroad ilipojikuta na rundo la vipande hivyo na kumtaka mwenyewe avibadilishe kwa fedha halali. Lindenmueller alikataa katakata, na hakukuwa na sheria ya kumbana. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani lilitunga sheria mbili, ya Aprili 22 na ya Juni 8, 1864, na biashara ya watu binafsi kutoa sarafu zao ikafungwa.

Iliyofungwa, hata hivyo, ni ile ya kutoa sarafu za kutumika kama fedha. Mfanyabiashara hakukatazwa kutoa kipande cha metali kinachoahidi bia moja, mkate mmoja au bidhaa za senti tano dukani kwake mwenyewe, na kwa miaka mingi iliyofuata vinyozi, waoka mikate, wauza maziwa, wenye baa na wenye maduka ya sigara walivitoa kwa wingi. Kila kipande kilifanya kazi mbili: kilimlazimisha mteja kurudi, na kilitembeza jina la duka katika mifuko ya watu. Hizo ndizo tokeni za matangazo. Nyingi zilidondoka kwenye nyasi, chini ya mbao za sakafu, kwenye viwanja vya maonyesho na kando ya barabara ambazo leo hazipitiki.

Wanaozifukua sasa ni watu wa kawaida wanaozunguka mashambani na viwanjani wakiwa na mashine za kugundua metali, ndugu wa zile wanazotumia wachimbaji wadogo wa dhahabu kule Chunya, Tanzania. Mashine ikilia, mtu anachimba, na mara nyingi anachokipata hakimo katika kitabu chochote cha sarafu za serikali. Metali yake haina thamani ya maana. Kilichopo ni maneno machache tu, na ni maneno hayo yanayoweza kumtaja mwenye duka aliyefariki miaka 100 iliyopita, mtaa aliofanyia biashara na miaka ambayo mlango wake ulikuwa wazi. Ili yasomeke inavyotakiwa, kuna utaratibu wake.

Usisugue

Kosa la kwanza hutendeka palepale shimoni. Mtu anaona kipande chenye tope, anakipangusa kwa kidole gumba au kwenye suruali, na mchanga ulioganda juu yake unafanya kazi ya msasa. Shaba iliyolala ardhini kwa miongo mingi hujenga ngozi ya kijani au ya kahawia, na mara nyingi herufi zimebaki katika ngozi hiyo tu. Metali iliyo chini yake imeshaliwa. Anayeikwangua anafuta jina. Ndimu, siki na ukwaju, ambavyo majumbani husafishia vyombo vya shaba, hapa havitakiwi kabisa, kwa sababu asidi hula ngozi kabla ya kugusa uchafu.

Wenye uzoefu huloweka kipande katika maji yaliyokenekwa, wakayabadilisha kila yanapochafuka, hadi udongo unapolegea wenyewe. Baada ya hapo huja kazi ya mwanga. Kipande kinalazwa mezani katika chumba chenye giza, na tochi inashikwa chini, karibu usawa wa meza, ili mwanga upite kwa ubavu. Kila mwinuko unatupa kivuli, na maandishi ambayo hayakuonekana juani yanaibuka. Picha moja haitoshi. Herufi E ikimulikwa kutoka upande wa kichwa chake huonyesha mistari yake mitatu iliyolala. Ikimulikwa kutoka ubavuni huonyesha mgongo wake peke yake. Ndiyo maana tochi huzungushwa kidogo kidogo, kila hatua ikipigwa picha, kisha picha zote zikalinganishwa.

Hatua inayofuata ni kupima kipenyo kwa milimita, uzito kwa mzani wa sonara, na kutazama ukingo. Ukingo husahaulika, ilhali wakati mwingine ndio wenye habari kubwa. Mwaka 1787 kampuni ya migodi ya shaba ya Parys, katika kisiwa cha Anglesey huko Wales, ilitoa peni zake nzito zenye kichwa cha mzee wa kale mwenye ndevu, aliyejifunika kofia ya joho na kuzungukwa na shada la majani. Ni kwenye ukingo ndiko ilikoandikwa kwamba mwenye kipande hicho atalipwa akikidai London, Liverpool au Anglesey. Asiyekigeuza kwa ubavu hawezi kujua.

Metali ina tarehe yake

Tokeni nyingi hazina mwaka. Hata hivyo metali na ukubwa husema mengi kabla ya maandishi.

Mfano rahisi ni aluminiamu. Mwaka 1884, Wamarekani walipomalizia mnara wa Washington, ncha ya juu kabisa waliitengeneza kwa aluminiamu, kwani wakati huo ilikuwa metali ya fahari yenye bei iliyokaribiana na ya fedha. Miaka miwili baadaye, mwaka 1886, Charles Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, kila mmoja kwa njia yake, waligundua namna ya kuizalisha kwa umeme, na bei ikaporomoka. Kwa hiyo tokeni ya baa iliyotengenezwa kwa aluminiamu haiwezi kuwa ya zama za Lindenmueller. Tarehe yake itafutwe kuanzia miaka ya 1890. Tatizo ni kwamba mashine huipokea kwa mlio unaofanana na ule wa vipete vya kufungulia makopo ya soda, na watafutaji wengi huupuuza. Ikikaa kwenye udongo wenye chumvi au chokaa, hutoka unga mweupe na kumomonyoka.

Ukubwa nao ni shahidi. Hadi 1857 senti ya Marekani ilikuwa pana, karibu milimita 28. Mwaka huo ikapunguzwa hadi milimita 19. Wafanyabiashara walifuata vipimo vya sarafu ambayo wateja walikuwa wameizoea: zile za kipindi cha shida za uchumi, kati ya 1833 na 1844, ni pana, na zile za wakati wa vita, 1861 hadi 1864, ni ndogo. Hizi za vita pekee inakadiriwa zilifikia milioni 25, kwa hiyo si ajabu kwamba bado zinaokotwa.

Halafu kuna senti iliyovishwa pete. Kwenye maonyesho makubwa ya Buffalo mwaka 1901, wageni waliuziwa senti halisi ya serikali iliyokandamizwa ndani ya duara la aluminiamu lenye maandishi. Mabenki, maduka ya samani na wauza magari wakalipenda wazo hilo, wakaandika majina yao kwenye pete pamoja na maneno ya kumtakia mteja bahati. Kwa anayetafuta tarehe, hizi ni zawadi, kwa kuwa mwaka ulio kwenye senti mara nyingi ndio mwaka wa tangazo.

Majina yanayopotosha

Ugumu huanza pale maandishi yanaposomeka vizuri lakini yakampeleka mtu njia isiyo sahihi.

Chukua tokeni ya shaba ya njano yenye picha ya meza ya biliadi na jina refu: Brunswick-Balke-Collender Co. Aliyeifukua hudhani amepata jina la mwenye tokeni. Sivyo. Hiyo ilikuwa kampuni kubwa ya kutengeneza meza za biliadi, na iliwapa wenye baa tokeni zilizobeba tangazo lake upande mmoja, huku upande wa pili ukiandikwa jina la baa. Mtoaji ni huyo wa upande wa pili, ambaye huenda ameandikwa kwa herufi chache tu. Jina la kampuni bado lina faida yake: muungano ulioizaa ulifanyika 1884, kwa hiyo hakuna tokeni yenye jina hilo kamili iliyotangulia mwaka huo.

Mtego mwingine ni herufi ndogo zilizo chini kabisa, karibu na ukingo. Mtu anasoma Chicago na kwenda kupekua historia ya Chicago, kumbe hao ni wachongaji wa tokeni. S. D. Childs wa Chicago na L. H. Moise wa San Francisco walichonga kwa ajili ya maduka ya miji mingi, na walitia sahihi kazi zao. Kanuni wanayoifuata wajuzi ni kwamba jina lililo katikati kwa herufi kubwa ni la duka, na lililobanwa pembeni kwa herufi ndogo ni la fundi.

Mtego wa tatu huwashtua watu. Kipande kinatoka ardhini kikiwa na alama ya swastika. Anayekishika hufikiria mara moja wafuasi wa Hitler, ilhali chama chake kilianza kuitumia alama hiyo mwaka 1920, na kabla ya hapo Marekani na Ulaya ziliitumia kama ishara ya bahati njema, pamoja na kiatu cha farasi na jani la klova lenye sehemu nne. Kampuni ya viatu ya Excelsior ya Portsmouth, Ohio, ilitoa tokeni za namna hiyo kuwavutia vijana wa skauti, takriban mwaka 1910 chama cha maskauti wa Marekani kilipoanzishwa. Upande mmoja kuna skauti juu ya farasi, upande wa pili swastika na alama nyingine za bahati. Lilikuwa tangazo la viatu vya watoto, basi.

Uingereza ilitoa mfano wa ujasiri zaidi. Katika miaka ya 1880, Thomas Barratt, aliyeendesha matangazo ya sabuni ya Pears, aliona kwamba sarafu ya Ufaransa ya sentimu kumi ilikuwa karibu sawa na peni ya Kiingereza na madukani ilipokelewa kama peni. Aliagiza 250,000 kutoka Ufaransa, akazigonga neno Pears na kuziingiza mitaani. Mwaka 1887 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa sarafu za shaba kutoka nje. Mtu anayefukua leo sarafu ya Kifaransa ya Napoleon III katika shamba la Kiingereza, ikiwa na jina la sabuni juu yake, asidhani kuna msafiri wa Kifaransa aliyepita hapo.

Senti kumi na mbili na nusu

Maandishi ya kawaida kuliko yote kwenye tokeni za Marekani ni GOOD FOR, yakifuatiwa na thamani: senti tano, kinywaji kimoja, sigara moja, mkate mmoja. Thamani yenyewe hudokeza aina ya biashara. Tokeni ikidai 12½¢, karibu kila mara ni ya baa, hasa ya magharibi mwa nchi. Hakuna sarafu ya serikali yenye thamani hiyo. Lakini vinywaji viwili viliuzwa kwa robo dola; mteja aliyekuja peke yake alitoa robo dola, akanywa kimoja, na chenji yake ilikuwa tokeni ya kinywaji cha pili. Mwenye baa alikuwa na hakika kwamba atamwona tena.

Tofauti kabisa na hizo ni vipande vya njano vinavyoandikwa kwamba havina thamani ya fedha taslimu. Hivyo ni vya mashine za michezo na za kuoshea magari. Mgahawa wa watoto wa Chuck E. Cheese, ulioanza California mwaka 1977, umevimwaga vingi hadi kila mtafutaji wa Marekani anavyo kadhaa kabatini.

Mji usiotajwa

Sehemu kubwa ya tokeni za maduka haitaji mji. Kwa mwenye duka haikuwa na haja. Wateja wake wote walijua alipo. Kwa mtafiti wa leo hapo ndipo kazi ilipo.

Wakati mwingine vifupisho huokoa. Herufi I.T. baada ya jina la mji humaanisha eneo la Wahindi Wekundu lililoingizwa katika jimbo jipya la Oklahoma Novemba 16, 1907, kwa hiyo tokeni ni ya kabla ya siku hiyo. D.T. ni Dakota kabla ya 1889, mwaka ilipogawanywa kuwa majimbo mawili. New Mexico na Arizona zilipata hadhi ya jimbo mwaka 1912, na tokeni zinazoyataja kama maeneo ya serikali kuu, si majimbo, ni za kabla ya hapo.

Pasipo kifupisho, mtafiti hugeukia karatasi. Sensa ya watu ya Marekani huandika majina na kazi, na madaftari yake hufunguliwa kwa umma baada ya miaka 72. Ya 1950 ilifunguliwa Aprili 2022. Bahati mbaya sensa ya 1890, iliyofanyika tokeni zikiwa katika kilele chake, karibu yote iliharibika kufuatia moto uliozuka Washington Januari 1921. Pengo hilo hujazwa na vitabu vya anwani vya miji, ambavyo viliorodhesha kila mwaka nani ana baa mtaa gani, na ramani za kampuni ya Sanborn. Ramani hizo zilichorwa kwa ajili ya makampuni ya bima ya moto kuanzia 1867, nazo huonyesha jengo kwa jengo: hapa duka, hapa zizi la farasi, hapa baa. Magazeti ya zamani nayo yamewekwa mtandaoni bure na Maktaba ya Bunge la Marekani katika mradi uitwao Chronicling America, na ndani yake mtu hukuta tangazo la duka lile lile, pengine na habari ya siku lilipouzwa.

Jina likiwa la kawaida mno, hata karatasi hushindwa. Hapo ushahidi unaobaki ni mahali kipande kilipookotwa. Tokeni tatu zinazofanana zikifukuliwa katika viwanja vya mji mmoja mdogo, na kwingineko zisionekane, duka lilikuwa hapo.

Waingereza walirahisishiwa zaidi. Kati ya 1648 na 1672, kabla ya Mfalme Charles II kutoa sarafu ndogo za shaba za serikali na kuzipiga marufuku za watu binafsi, wenye maduka walitoa vipande vyembamba vyenye jina, mji na alama ya kazi: koni ya sukari kwa muuza viungo, mtu anayechovya mishumaa kwa mtengeneza mishumaa. Katikati mara nyingi kuna herufi tatu zilizopangwa pembetatu. Ya juu ni ya jina la ukoo, ya chini kushoto ni ya mume, na ya chini kulia ni ya mke. Vitabu vya ndoa vya kanisa vikiwa bado vipo, familia nzima hupatikana kwa herufi hizo tatu.

Kabla ya kuchimba

Ardhi haikosi mwenyewe. Marekani, sheria ya 1979 inakataza kuchukua mabaki ya kale yenye zaidi ya miaka 100 katika ardhi ya serikali kuu bila kibali, na katika ardhi ya mtu binafsi ruhusa ya mwenyewe ni lazima. Uingereza ina Sheria ya Hazina ya 1996, na tangu 1997 kuna mpango wa taifa wa kuandikisha vitu vilivyookotwa na wananchi, ambapo tokeni nyingi zimeingizwa zikiwa na picha, vipimo na mahali zilipotoka.

Afrika Mashariki milango ni myembamba zaidi. Tanzania, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, na uchimbaji wake unahitaji kibali. Kenya, sheria ya makumbusho na urithi ya 2006 inahesabu kuwa mambo ya kale vitu vinavyohamishika vilivyotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895, na kuvitafuta ardhini bila leseni ni kosa. Kwa hiyo kuzunguka na mashine kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani au Gede ni kujitafutia kesi.

Aliye na kipande cha aina hii, kiwe kimetoka kwenye shamba la Ohio au kwenye kabati la babu, apige picha pande zote mbili pamoja na ukingo, akipime, na akitie kwenye bahasha ya karatasi, asikiweke kwenye mfuko wa plastiki unaotunza unyevu. Juu ya bahasha aandike siku hiyo hiyo tarehe, mahali kilipookotwa na kina cha shimo. Maelezo hayo yakikosekana, tokeni isiyotaja mji wake itabaki bila mji.